Mwalimu Aliyefagia Kichwa Kila Asubuhi: Gasper Bazilio Ruhoza, 1961–2025

Tangu asubuhi waombolezaji wengi wameuliza, wengine waziwazi na wengine kwa kunong'ona, kwa nini kaburi la Mwalimu Gasper limechimbwa huku pembeni, ng'ambo ya migomba, mbali na safu ya makaburi ya ukoo. Jibu ni kwamba aliomba mwenyewe. Rundo hili la mawe lililo kando yake, ambalo watoto wamekuwa wakilikalia bila kujua, ni kaburi la mwanawe. Kabla hajafa, Mwalimu aliomba mambo mawili: azikwe hapa, na wasifu wa mwanawe usomwe pamoja na wake, kwa kuwa haukuwahi kusomwa. La kwanza ukoo umelikubali. La pili limetugombanisha hadi jana jioni, na hadi sasa si wote walioridhia. Familia imeamua kulitimiza. Tunalisema mapema ili asiyetaka kulisikia asije akasema ametegwa. Wasifu huu umeandikwa na mjane, Odilia, pamoja na wanawe, na unasomwa na binti yao, Benita.

Gasper Bazilio Ruhoza alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Nyakitonto, wilaya ya Kasulu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bazilio Ruhoza na marehemu Mama Skolastika. Uchungu ulimshika mama yake akipalilia maharage, na bibi aliyempokea mtoto alisimulia mpaka uzeeni kwamba huyu hakulia kama wengine. Alilia kidogo, akanyamaza kama anayesikiliza, kisha akaendelea. Alipokua alikabidhiwa mbuzi wa babu yake, na mbuzi hao walikula mahindi ya majirani mara nyingi tu, kwa sababu mchungaji alikuwa amechuchumaa anachora herufi kwenye vumbi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969, akamaliza la saba mwaka 1975. Hapa lazima litajwe jambo ambalo yeye mwenyewe hakuacha kulitaja. Kaka yake Stanislaus alikuwa mbele yake shuleni, na hakuwa mjinga hata kidogo. Baba yao alipoumia mgongo, ilibidi mmoja ashike jembe, na Stanislaus akalishika bila kuombwa. Gasper akaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1982. Maisha yake yote alimwita kaka yake "Mzee", hata wote wawili walipokuwa na mvi, na hakumbishia mbele za watu hata siku moja. Waliomfahamu chuoni, jinsi alivyokuwa mbishi, huenda wasiamini.

Januari 1983 alipangiwa shule ya msingi ya kijiji wilayani Kibondo, akafundisha huko hadi mwaka 2001, isipokuwa muda aliokwenda kusomea stashahada. Wakimbizi walipomiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, alifundisha watoto wao chini ya turubai, mvua ikipiga hadi sauti haisikiki. Kisha akahamishiwa Kasulu kufundisha Kiswahili kwa walimu wanafunzi, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2021. Hatutaki kumvika marehemu kilemba cha ukoka. Alikuwa mkali. Insha isiyokuwa na utangulizi, kiini na hitimisho aliirudisha bila kuisoma, na neno lililofutwa aliliita uchafu. Alisema mwandishi safi hafikirii kwenye karatasi. Anamaliza kufikiri kwanza, ndipo anagusa kalamu. Walimu wengi mliopo hapa mlilia kwa sababu ya wino wake mwekundu.

Wino huo nusura umkoseshe mke. Alipomwandikia barua ya uchumba Odilia Kipriani wa Munanila, binti alijibu vizuri tu, na Gasper akamrudishia barua yake ikiwa imesahihishwa. Baba wa binti alitaka posa irudishwe siku hiyohiyo. Odilia akamwandikia tena: "Mimi si mwanafunzi wako wa darasa la tano. Kama unataka mke, njoo. Kama unataka kusahihisha, baki Kibondo." Alikuja. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 23 Julai 1988, na Mungu akawajalia watoto watatu: Benita, Anaclet na Didas.

Tarehe 9 Novemba 2017 Anaclet alifariki. Siku chache kabla, alikuwa amemfuata baba yake mezani, akamwambia, "Baba, kichwa kimejaa. Hata usingizi hauna pa kuingia." Mwalimu alikuwa anasahihisha mitihani. Akamjibu bila kuinua uso, "Lala mapema, kesho utaamka vizuri." Ni jibu ambalo mzazi yeyote aliyepo hapa angeweza kulitoa. Yeye hakujisamehe kwa jibu hilo mpaka anaingia kaburini.

Katika ukoo huu ilikuwa desturi kwamba mtu aliyekufa kifo cha namna ile huzikwa upesi, pembeni, bila kusomewa chochote. Wazee walikaa, na Stanislaus akasema kwa niaba yao, "Tuseme malaria. Watu wataamini." Mwalimu Gasper, aliyewafundisha watu wazima kuandika, aliinamisha kichwa akakubali. Hakuna ratiba iliyochapishwa. Hakuna aliyesimama kusema kijana huyu alizaliwa wapi na alifanya kazi gani. Kufikia saa nane mchana mawe yalikuwa yamepangwa na watu wanatawanyika, na wengi wenu mliotupa pole siku ile mlitupa pole ya malaria.

Baada ya hapo Mwalimu alirudi chuoni, lakini aliyerudi alikuwa koti tu. Alisimama ubaoni na chaki mkononi, tarehe ameandika, somo hajaandika, na wanafunzi kwa huruma wakakaa kimya mpaka kengele. Nyumbani alisahau kula. Akiulizwa jambo, alijibu swali la juzi. Odilia alianza kuogopa kwamba atazika wawili.

Februari 2018 Odilia alimtuma sabuni kwenye soko lililo jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ili mradi atoke nje. Muuza sabuni alikuwa Mkongo aitwaye Dieudonné, aliyewahi kuwa mwalimu huko Uvira. Mwalimu alifika mezani kwake akasimama, asijue amefuata nini.

"Mwalimu, weye unasimama hapa tangu zamani," Dieudonné akamwambia. "Unatafuta nini?"

"Sijui."

Yule mtu alimtazama, akamvutia kigoda. "Miye nilipotezaga batoto babili kule kwetu. Kichwa ikajaa, nikawa kama mutu ya bure. Sasa kila asubui naandikaka. Kamata bic na kaye, andika. Mukono isisimame. Usiangalie kama ni muzuri. Usisome. Kama hauna ya kuandika, andika 'sina ya kuandika' mpaka ingine ikuye. Kisha unapasula, unatupa."

"Niandike bila kufikiri?" Mwalimu akauliza, maana kwake hilo lilikuwa kama kuambiwa aende kanisani bila suruali.

"Kufikiri ndiyo inakuua," akajibiwa.

Kesho yake alishika kalamu na daftari, akajaribu. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ukurasa wa kwanza ulijaa "sina la kuandika" kutoka juu hadi katikati, kisha "mbwa wa jirani anabweka", na mwishoni, bila kujua limetoka wapi, "Anaclet alipenda ukoko". Akaweka kalamu chini akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Odilia alikuwa uani anafagia. Hakwenda kumnyamazisha. Aliendelea kufagia.

Basi ikawa ndiyo kawaida ya nyumba ile. Kila asubuhi, baridi ya Kasulu ikiwa bado imekaa juu ya mabati, Odilia alishika ufagio na Mwalimu alishika kalamu, akakaa kwenye kizingiti cha jiko akaandika mpaka uwanja uishe. Kazi hiyo aliiita kufagia kichwa. Karatasi alimpa mkewe, naye akawashia moto wa chai. Odilia hakusoma hata mstari mmoja, na anayedhani anadanganya hamjui Odilia. "Taka za uani hatuzisomi," Mwalimu alikuwa akisema. "Tunazitoa ili mgeni apate pa kukaa." Ndiyo maana hamtakuta daftari lake lolote nyumbani, na wale wanaoulizia waache kuulizia.

Tusidanganyane, hakupona. Kulikuwa na asubuhi alizoamka amechoka kuliko alivyolala. Lakini alianza kula. Alianza kusikia anachoulizwa. Na katika kichwa kilichofagiwa vitu vikaanza kuota ambavyo hakuna aliyevitegemea kwa mtu wa utangulizi, kiini na hitimisho. Aliwatungia wanafunzi mchezo wa kuigiza kuhusu mbuzi aliyepandishwa cheo kuwa mwalimu wa zamu, na mkuu wa chuo akacheka mpaka akavua miwani. Darasani akaingia siku moja akasema, "Andikeni mpaka niseme basi. Mkono usisimame. Sikusanyi, na sisahihishi." Wanafunzi wakatazamana. Mwalimu Mwamvua, aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga akiwa ameacha wanawe kwa mama yake, anakiri kwamba wao walimu walidhani mwenzao sasa amerukwa na akili. Kisha mwenyewe akajaribu. "Nilikuwa nakuja kazini nikiwa nimebeba nyumba nzima kichwani," anasema. "Baada ya ule ukurasa nilikuwa nafika nikiwa Mwamvua tu."

Tangu hapo, mtu yeyote akisema mbele yake "kichwa kimejaa", Mwalimu aliacha alichokuwa anafanya, hata kama ni chakula. Alimpa kalamu, akakaa naye. Na kama aliona kalamu haitoshi, alimpeleka hospitali mwenyewe, wakapanda bodaboda wawili nyuma ya dereva, akasubiri kwenye benchi mpaka mtu wake aonwe. Alisema kalamu ni ufagio, si daktari. Wapo watu wamesimama hapa leo kwa sababu ya benchi lile. Hatutawataja.

Watu wakaanza kumfuata awaandikie wasifu wa wafu wao. Yeye hakuandika peke yake. Aliwagawia wafiwa karatasi, akawaambia waandike bila kusimama mpaka maharage yachemke. Kule Munanila kuna mjane aliyekuwa hana la kusema ila "alikuwa mtu mzuri, hakugombana na mtu". Kalamu ilipomkolea aliandika kwamba mumewe aliogopa kuku, kwamba aliimba kwaya kwa miaka mingi bila kupata sauti, na kwamba alimfunika blanketi kila alfajiri akidhani amelala. Yaliposomwa makaburini watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja, na yule mjane akashika mkono wa Mwalimu hakutaka kuuachia. Nyakitonto, Munanila, Kasulu mjini, hadi kule Kibondo alikoanzia kazi, wengi wamezikwa kwa maneno yaliyopita mkononi mwake.

Desemba 2023 tonge la ugali lilimkwama kooni. Alikunywa maji, akasema ni uzee. Mwezi uliofuata yakakwama maharage, halafu uji. Aprili 2024 hospitali ya rufaa Mwanza ikathibitisha kwamba ni saratani ya umio. Alipata matibabu, akarudi, akaenda tena. Mtu aliyekuwa na mabega ya kujaza mlango akabaki mifupa na macho. Sauti ikafifia ikawa mvumo tu. Maumivu yalikuwa makali, na hatutayapamba. Mkono wake wa kulia ndio uliomtii hadi mwisho, naye aliutumia kila asubuhi.

Katika miezi hiyo ya mwisho alikuwa na kazi moja tu. Alitaka kuandika wasifu wa Anaclet. Aliandika "Anaclet Gasper alizaliwa", na mkono ukasimama. Mkono ule ambao haukusimama kwa lolote, uliowaandikia wafu wa watu, ulisimama palepale kila siku. Wiki ya kwanza ya Agosti alimwita Odilia na wanawe wawili akawaambia, kwa ile sauti iliyofifia, "Mimi nimeshindwa. Mtaandika ninyi. Msinisome peke yangu." Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 13 Agosti 2025, Odilia akiwa uani na ufagio. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Kikao cha ukoo kilikaa jana. Stanislaus, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, alizungumza taratibu, na tunayaandika maneno yake kwa haki. "Gasper alikuwa mdogo wangu kabla hajawa baba yenu," alisema. "Na mimi nina wajukuu wa kike wanaosubiri kuolewa. Jambo hilo likisomwa mbele za watu, nani ataleta posa kwenye ukoo huu? Yaliyozikwa yamezikwa."

Odilia akamjibu, "Shemeji, wewe uliacha shule ili huyu ajue kuandika. Akajua. Akawaandikia wafu wa watu wote, wa kwake akamshinda. Sisi tusipomaliza leo, nani atamaliza?"

"Likisomwa, nitasimama niondoke. Nitamwacha mdogo wangu bila kumtupia udongo."

"Basi utaondoka, shemeji. Ukirudi, chakula chako utakikuta."

Hapo kikao kikaisha. Odilia, Benita na Didas wakakaa jikoni na karatasi, kila mmoja na yake, wakaandika bila kusimama na bila kufuta, kama baba alivyofundisha. Mnayoyasikia sasa ndiyo yaliyotoka. Baba mkubwa Stanislaus, tunakuona umekaa mstari wa mbele na fimbo yako. Hatukuaibishi. Njia iko wazi nyuma yako, na tutakupenda vilevile. Ila tunakuomba ukae.

Anaclet Gasper Ruhoza alizaliwa tarehe 2 Juni 1994 wilayani Kibondo, mtoto wa pili wa Gasper na Odilia. Alichelewa kutembea na akawahi kuongea. Alisoma shule ya msingi Kibondo na Kasulu, akamaliza kidato cha nne mwaka 2012. Hakufaulu vizuri, wala hakuhuzunika sana, kwa sababu mikono yake ilishajua kazi.

Kuanzia mwaka 2013 alitengeneza redio na simu katika kibanda kilicho karibu na stendi ya Kasulu. Mzee akileta redio, hakumtengenezea kimyakimya. Alimfungulia, akamwonyesha palipoungua, ili asije akadanganywa na fundi mwingine. Alikuwa akianza kucheka kabla ya kumaliza hadithi, kwa hiyo hadithi zake nyingi hatujui ziliishaje. Aliimba vibaya na hakuacha. Hakuoa. Alikuwa na mchumba, ambaye sasa ana maisha yake, na tunamshukuru kwa kumpenda.

Aliugua kuanzia Julai 2017. Ugonjwa wake haukuwa malaria. Hakulala, hakula, alikaa kibandani siku nzima na redio ya mtu mbele yake bila kuifungua. Alisema. Alimwambia baba yake na alimwambia dada yake, kwa Kiswahili cha kueleweka, na hakuna aliyejua kwamba ule ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali. Tarehe 9 Novemba 2017 alijiua. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakulaaniwa, hakuwa mwoga, na hakutuchukia. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa wetu.

Kuna jambo moja Mama Odilia alitaka liandikwe, kwa sababu alikuwa migombani na aliliona. Siku ile vijana wa kuchimba kaburi walikataa, wakiogopa mkosi. Mtu mmoja alichukua jembe akaja huku ng'ambo ya migomba akachimba peke yake, akakataa kupokewa hata alipoishiwa pumzi. Alipomaliza alishuka ndani akatandika majani ya migomba kwa mikono, pole pole, kama anayemtandikia mtoto kitanda. Mtu huyo alikuwa baba mkubwa wake, Stanislaus. Mchumba anayetaka kujua ukoo huu ni watu wa namna gani, na aambiwe hilo kwanza.

Mwalimu Gasper ameacha mjane, Odilia. Watoto wawili, Benita na Didas. Mkwe mmoja, wajukuu, na kaka yake Stanislaus. Anaclet naye, ambaye hakuwahi kusomewa aliowaacha, ameacha mama, dada, mdogo wake Didas, na baba mkubwa. Kila anayekuja kutupa udongo tunamwomba achukue konzi mbili, moja kwa kila kaburi. Gasper Bazilio na Anaclet Gasper, baba na mwana, kila mmoja kwa jina lake, wapumzike kwa amani.